Mboni kwa Shilingi Elfu Saba

Foleni iliyoonekana kwenye jumba la mikutano la KICC, katikati ya Nairobi, mwanzoni mwa Agosti 2023 haikuwa ya kura wala ya mbolea ya ruzuku. Maelfu ya watu, wengi wao vijana, walijipanga simu mkononi wakisubiri zamu ya kusimama mbele ya tufe la rangi ya fedha na kulikodolea macho kwa sekunde chache. Tufe lilipiga picha ya mboni, programu kwenye simu ikathibitisha, na mhusika akaahidiwa sarafu 25 za kidijitali za Worldcoin. Kwa bei ya siku zile zilikuwa na thamani ya shilingi elfu saba hivi. Aliyejua njia aliziuza kwa mtu mwingine mtandaoni, na pesa zikaingia M-Pesa.

Elfu saba si hela ya kuchezea. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi wakati huo kilikuwa kama shilingi 15,200 kwa mwezi, kwa hiyo sekunde chache mbele ya lile tufe zililipa karibu nusu ya jasho la mwezi mzima. Mwezi wa Julai ndio serikali ilikuwa imepandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, nauli zikafuata, na mitaa ikawaka maandamano. Ukitaka kumwelewa mtu aliyekuwa kwenye foleni ile, anza hapo. Mambo ya teknolojia yanaweza kungoja.

Tarehe 2 Agosti Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, akapiga marufuku shughuli hiyo ya kupiga picha za mboni hadi uchunguzi ufanyike. Siku chache baadaye maafisa wakavamia ghala la kampuni ya Worldcoin jijini na kubeba mashine. Kufikia hapo Wakenya wanaokadiriwa kuwa 350,000 walikuwa wameshasajiliwa.

Mtandaoni, mjadala uligeuka haraka kuwa kejeli. Waliojipanga waliitwa wajinga, wenye tamaa, watu wa kuuza hata kivuli chao. Wengi wa waliokejeli, nina hakika, walikuwa wameshaandika namba zao za vitambulisho asubuhi ile ile kwenye daftari la bawabu wa jengo fulani. Kila aliyewahi kuingia ofisini Nairobi analijua daftari hilo: jalada limechanika, kalamu imefungwa kwa uzi, na safu zimepangwa za jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kumwona nani, saa, sahihi. Ukiinama kuandika, unasoma habari za watu ishirini waliokutangulia. Nakala za vitambulisho tunaacha kwa mawakala wa laini za simu. Mwaka 2019 takriban watu milioni 38 walitoa alama za vidole kwa ajili ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa utambulisho wa kidijitali, wengine wakiwa wametishwa kwamba bila hiyo hawatapata huduma za serikali, na mnamo Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba utoaji wa kadi hizo ulikiuka sheria kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu. Kati ya wote hao, watu wa KICC ndio pekee waliolipwa. Kwa hesabu hiyo, sioni kwa nini wao ndio waitwe wajinga.

Tuone basi walichotoa. Ule mviringo wenye rangi unaozunguka kitundu cheusi cha jicho umejaa mistari na vifundo vilivyojichora kabla hatujazaliwa, na havifanani kwa watu wawili, hata mapacha. John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyebuni hesabu za kugeuza mistari hiyo kuwa msimbo wa kompyuta, na hataza yake ilitolewa mwaka 1994. Msimbo ule ni mfupi, unatafutwa haraka sana ndani ya hifadhi yenye mamilioni ya watu, na haubadiliki sana kadiri mtu anavyozeeka. Nywila ikivuja unaibadilisha. Laini ikiibwa unaifunga na kusajili nyingine. Mboni unakufa nayo.

Kampuni iliyo nyuma ya Worldcoin, Tools for Humanity, ilisema wakati huo kwamba picha hufutwa, na kinachobaki ni msimbo tu, isipokuwa mtumiaji akubali picha zake zihifadhiwe. Maelezo hayo yanatuliza moyo mpaka ukumbuke kwamba msimbo ndio mali yenyewe. Picha ya jicho pekee haina kazi kubwa. Unaotambulisha mtu ni msimbo.

Na kwa nini waitake mboni ya mtu? Jibu lao, kusema kweli, si la kijinga. Dunia inajaa mashine zinazoandika, kuzungumza na kujifanya watu. Itafika siku, wanasema, ambapo itabidi uthibitishe mtandaoni kwamba wewe ni binadamu, na mmoja tu, si akaunti elfu moja za mtu mmoja. Mmoja wa waanzilishi ni Sam Altman, ambaye pia ndiye anayeongoza OpenAI, kampuni iliyoileta ChatGPT. Yaani aliyeleta mafuriko ndiye anayeuza mitumbwi. Na Nairobi imetumika pande zote mbili za biashara hiyo: Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa jiji hilo hilo waliokuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi machafu na ya ukatili, kupitia kampuni ya Sama, ili mashine ya OpenAI ifundishwe kuyakwepa.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Worldcoin ilipozinduliwa rasmi tarehe 24 Julai 2023, watu walioko Marekani hawakugawiwa sarafu hizo. Sheria za fedha za huko zilikuwa na utata, kampuni ikachelea, na wakazi wa huko walisubiri hadi 2025. Huko sheria ilitia hofu kabla mashine haijawashwa. Huku mashine iliwashwa kwanza, na sheria ikafuata mbio ikihema.

Si kwamba sheria haikuwepo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, ilikuwa imeisajili kampuni hiyo Aprili 2023, kisha mwezi uliofuata ikaiagiza isimamishe ukusanyaji wa picha za macho. Foleni ya KICC ilikuja baada ya agizo hilo. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Gabriel Tongoyo, mbunge wa Narok Magharibi, ilikaa kusikiliza jinsi maafisa wa serikali walivyokuwa wakitupiana mpira: cheti cha usajili kina maana gani, kinatoa ruhusa gani, nani alipaswa kuwafukuza. Sitawachosha na mtupiano huo. Mnaujua.

Kinachonisumbua zaidi ni neno ambalo kila upande ulililia: ridhaa. Kampuni ilisema watu waliridhia. Sheria inasema ridhaa iwe ya wazi, huru, mahususi, na itolewe na mtu anayefahamu anachokubali, na kwamba mzigo wa kuithibitisha uko kwa anayekusanya data. Kwenye karatasi ni maneno mazuri. Yaweke sasa kwa mtu mwenye kodi ya nyumba ya miezi miwili, anayefungua masharti marefu kwenye kioo cha simu kilichopasuka huku foleni ikimsukuma kwa nyuma. Wahenga walilimaliza jambo hili mapema: mwenye njaa hana miiko.

Kuna watu nchini Kenya wanaojua ridhaa ya namna hiyo inafika wapi, na hawako Nairobi.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu, Wasomali walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na kambi za Dadaab zikafunguliwa kwenye ardhi kame ya Garissa. Pembeni mwa kambi waliishi Wasomali wengine, Wakenya kwa kuzaliwa, lugha ile ile, dini ile ile, ukoo mara nyingi ule ule. Tofauti ilikuwa moja. Ukame ulipoua mifugo, mkimbizi alipata mgao wa unga, mafuta na maharage, zahanati na shule. Mwenyeji hakupata. Familia nyingi zikafanya ambalo mzazi yeyote angefanya: zikajiandikisha kama wakimbizi. Wengine walipeleka watoto wadogo waandikwe pamoja na familia ya jirani au ndugu, ili idadi ya vinywa kwenye kadi iongezeke. Baadaye usajili ulipoingia enzi ya mashine, vidole vikabonyezwa kwenye kioo kidogo, taa ikawaka, mgao ukatoka.

Mtoto yule akakua. Akafika miaka 18, akaenda na cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu kuomba kitambulisho cha taifa. Vidole vikabonyezwa tena. Kompyuta ikajibu kwamba mtu huyu ni mkimbizi. Baba yake ana kitambulisho, babu yake alikuwa na kipande cha wakati wa mkoloni, lakini mashine haina habari na babu.

Bila kitambulisho, Mkenya hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa. Hafungui akaunti ya benki. Haombi mkopo wa elimu ya juu. Hapigi kura. Hasafiri, kwani njia ya kutoka Garissa kuja Nairobi ina vizuizi vya polisi, na kizuizini kinachoulizwa kwanza ni kitambulisho. Jina la Kisomali bila kitambulisho linaweza kukulaza selo. Maelfu ya watu wamekwama hivyo, wengine kwa miaka zaidi ya kumi, wakipita kwenye vikao vya uhakiki vinavyoitishwa na kuahirishwa. Kundi la wanasheria na wanaharakati wa Garissa limekuwa likiwapigania, na wapo waliofutwa kwenye orodha na kupata haki yao. Wengi wamezeeka wakingoja.

Sasa niulize: walitoa ridhaa? Mama aliyemshika mwanawe mkono na kukiweka kidole chake kwenye kioo alijua anachofanya, kwa maana ya kwamba alijua kuna unga upande wa pili. Alidanganya pia, na serikali haikukosea iliposema hivyo. Ambalo hakujua, wala hakuna aliyekuwepo pale aliyelijua, ni kwamba kidole kile siku moja kingelinganishwa na orodha nyingine, katika ofisi nyingine, kwa kusudi lingine kabisa. Alama ya mwili haiishi pale ilipochukuliwa. Inahama, inaunganishwa na nyingine, na mtu aliyeitoa haalikwi kwenye mkutano wa kuamua hayo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wa KICC walikuwa watu wazima na waliamua wenyewe, namkubalia nusu. Walikuwa watu wazima. Uamuzi wenyewe ndio ulikuwa na tundu katikati, kwa sababu kilichouzwa hakikujulikana ukubwa wake hata na mnunuzi. Anayeuza shamba anajua ekari zake. Anayeuza mboni anauza matumizi ambayo hayajabuniwa bado, kwa kampuni ambayo kesho inaweza kununuliwa na nyingine.

Pingamizi lenye uzito ni lile la hadhi. Wewe mwandishi mwenye mshahara, linaniambia, una mamlaka gani ya kumkataza kijana wa Kayole asiuze kilicho chake? Utampa wewe hizo elfu saba? Na kila mara tunapowalinda maskini dhidi ya uamuzi wao, je, hatuwafanyi watoto? Pingamizi hili silipuuzi, kwani mara nyingi mikutano ya maadili huitishwa hotelini na watu walioshiba, na maskini hujadiliwa kama mgonjwa aliyezimia. Pia wapo walioshinda mchezo huu waziwazi: aliyeweka sarafu zake bila kuuza aliziona Machi 2024 zikipita dola kumi moja moja, kabla hazijaporomoka tena. Kwake yeye hadithi ya unyonyaji ni kelele za wenye wivu.

Lakini tazama mahali pengine ambapo tumeshaamua. Sheria ya Afya ya 2017 haimruhusu Mkenya kuuza figo yake, ingawa ni yake na ana mbili. Anaweza kumpa ndugu, akarudishiwa gharama, basi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kununua kura hata kama mpiga kura ameifurahia ile mia mbili. Sijasikia mpiga kura aliyefungwa kwa kupokea leso na pakiti ya unga, lakini hakuna anayesimama mahakamani akisema kura ile ni halali kwa kuwa mwenyewe aliridhia. Katika mambo hayo mawili hatukusema kwamba maskini hana akili. Tulisema kwamba kuna vitu ambavyo anayevinunua anafanya kosa kwa kule kuvinunua tu, na tukahamisha macho kutoka kwa anayepokea hadi kwa anayetoa. Pale foleni ilipofika KICC tulifanya kinyume: tukawachunguza waliojipanga, tukawahoji na kuwacheka, wakati swali la maana lilikuwa ni kwa nini mtu mwenye mabilioni ahitaji kulipa ili apewe jambo analosema ni la manufaa kwa binadamu wote.

Mahakama ilikaribia sana swali hilo. Tarehe 5 Mei 2025, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Katiba Institute, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kwamba data zile zilikusanywa kinyume cha sheria: tathmini ya athari haikufanywa inavyotakiwa, na ridhaa ilipatikana kwa kuwavutia watu kwa sarafu. Akaagiza data za mwili zilizokusanywa Kenya zifutwe kabisa ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.

Nilipoisoma hukumu hiyo nilifurahi, kisha nikaanza kuhesabu. Ilikuwa imepita miezi 21 tangu marufuku ya Kindiki. Kuhusu kufuta, kufuta faili kwenye simu yako unakuona. Kufuta msimbo uliosambazwa kwenye seva zilizo nchi nyingine ni jambo la kuaminiana. Kamishna anaweza kupewa barua, anaweza kuonyeshwa skrini. Kuthibitisha kwamba kitu hakipo popote ni kazi ambayo hata ofisi zenye bajeti kubwa kuliko yake zinaihangaikia. Ndiyo sababu katika mambo haya kuzuia kabla ya kukusanya kuna thamani mara mia ya kufuta baadaye, na ndiyo sababu ile tathmini ya athari, karatasi inayochosha ambayo Huduma Namba na Worldcoin zote zilikwama nayo, ni kinga ya maana kuliko hotuba yoyote ya waziri.

Brazil ilikwenda hatua moja mbele. Januari 2025 mamlaka ya ulinzi wa data ya huko iliizuia kampuni isilipe watu, kwa sarafu wala kwa fidia nyingine yoyote ya fedha, kwa ajili ya kupigwa picha za mboni. Haikusema teknolojia ni haramu, wala haikuwazuia raia kusimama mbele ya tufe wakipenda. Ilisema tu kwamba pesa zikiwepo mezani, ridhaa haiwezi kuitwa huru, hasa kwa mtu mwenye dhiki. Ni kanuni fupi, na mtu yeyote aliyewahi kukopa kwa riba ya mtaani ataielewa bila wakili. Sheria ya Kenya haina kifungu cha wazi namna hiyo; Jaji Aburili alilazimika kufika hapo kwa kuzungukia maana ya uhuru wa ridhaa, na kampuni nyingine ikija kesho na zawadi ya namna nyingine, vocha au bando la mwezi, mzunguko utaanza upya. Tanzania, ambayo Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ingefaa ijiulize swali hilo kabla haijapata foleni yake.

Ugumu ni kwamba kifungu cha Brazil hakimsaidii kijana wa Garissa. Hakuna aliyenunua kidole chake. Wagawaji wa chakula walikuwa na sababu njema ya kutaka kujua nani amepokea na nani bado, na huwezi kukataza unga kwa hoja kwamba unga unashawishi. Yeye anahitaji kitu kingine: njia ya kutoka kwenye orodha, yenye ofisi inayojulikana, afisa mwenye jukumu, na siku maalumu ambayo ikipita bila jibu serikali ndiyo inayohesabiwa kuwa imeshindwa. Kuingia kwenye hifadhi za data siku hizi ni sekunde chache, iwe KICC au Dadaab. Kutoka bado ni kwa barua, nauli, na kikao cha uhakiki kilichoahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa.